MUUGUZI WA JAMII NA AFYA YA MTOTO: MAFUNZO YAKE, KAZI ZAKE NA WAJIBU WA SHEHIA

Miongoni mwa watumishi wa Serikali wanaofahamika kwa sura katika vijiji na mitaa ya Unguja na Pemba, muuguzi wa jamii ni wa mwanzo kutajwa. Ndiye anayempima mtoto uzito, ndiye anayemchanja, na ndiye anayepiga hodi mlangoni pale mzazi aliyejifungua anapokuwa bado hajatoka ndani. Hata hivyo, wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa umma, hawaelewi vyema muuguzi huyo amesomea nini, kwa nini siku nyengine hakutwi kituoni, na kwa nini huuliza maswali mengi kabla ya kutoa dawa. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuyaweka wazi mambo hayo, na kueleza namna kila mkaazi anavyohusika nayo.

CHIMBUKO LA HUDUMA

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mwaka 1965 kwamba matibabu yatatolewa bure kwa wananchi wote. Kuanzia hapo juhudi zilielekezwa katika kusogeza huduma karibu na makaazi ya watu, ili mama wa Makangale au wa Kizimkazi asilazimike kusafiri hadi mjini kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Mwaka 1975 mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa nchini Tanzania. Mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata yaliazimia kwamba huduma za afya ya msingi ndizo njia ya kuwafikia watu wote, na kwamba wananchi wenyewe wawe washiriki katika huduma hizo.

Msingi huo ndio uliozaa kada ya muuguzi wa afya ya jamii. Muuguzi wa hospitali humhudumia mgonjwa aliyelala kitandani. Muuguzi wa jamii amekabidhiwa shehia nzima: wagonjwa na wazima, waliofika kituoni na wasiofika. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kuielewa kazi yake yote. Hospitali huhesabu waliokuja. Muuguzi wa jamii hana budi kuwahesabu pia wasiokuja, kisha atafute sababu.

MAFANIKIO NA PENGO LILILOBAKIA

Tafiti za taifa za hali ya watu na afya, ambazo huzijumuisha Tanzania Bara na Zanzibar, zinaonesha hatua kubwa iliyopigwa. Katika utafiti wa mwaka 1999, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Katika utafiti wa mwaka 2004-05 idadi hiyo ilikuwa 112. Mwaka 2015-16 ilikuwa 67. Na mwaka 2022 ilikuwa 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, tiba sahihi ya malaria, na matumizi ya maji ya ORS kwa mtoto anayeharisha ni miongoni mwa mambo yaliyoleta mabadiliko hayo.

Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili unaostahiki kuzingatiwa. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wasiotimiza siku 28, vilikuwa 32 kwa kila 1,000 katika utafiti wa mwaka 2004-05, vikawa 25 mwaka 2015-16, na 24 mwaka 2022. Hapa kasi ya kupungua imekuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba, kati ya watoto wanaofariki kabla ya miaka 5, zaidi ya nusu hufariki katika mwezi wa mwanzo wa maisha yao.

Mwezi huo ndio ambao, kwa desturi, mzazi na mtoto wake hukaa ndani. Ni kipindi cha uzazi, cha kukandwa na kupumzishwa, na ni jambo jema mzazi kupatiwa utulivu huo. Hata hivyo, ndicho kipindi ambacho mtoto yuko mbali zaidi na macho ya mtaalamu, huku hatari ikiwa karibu naye zaidi kuliko wakati wowote. Sababu kubwa za vifo hivyo ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na maambukizo ya vijidudu mwilini. Mtoto mchanga aliyepata maambukizo anaweza kuonekana amelala tu, bila ya homa wala kilio, na akafariki kabla ya siku kumalizika. Pengo hili haliwezi kuzibwa na jengo la hospitali peke yake. Linahitaji mtu aliyefunzwa, anayeingia ndani na kumuona mtoto alipo.

NAMNA MUUGUZI ANAVYOFUNZWA

Hapa Zanzibar wauguzi na wakunga wengi wamepitia Mbweni, kilipokuwa Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya, ambacho baadaye kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kada iliyotumika kwa muda mrefu katika vituo vya vijijini ilijulikana kwa kifupi kama PHN "B". Kwa mfumo wa elimu uliopo nchini, mtu anaweza kusomea uuguzi na ukunga katika ngazi ya stashahada kwa muda wa miaka 3, au shahada kwa muda wa miaka 4. Anayehitimu hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Usajili huo ndio kinga ya mwananchi dhidi ya mtu anayejifanya mtaalamu.

Masomo huanza na maumbile ya mwili wa binaadamu, namna viungo vinavyofanya kazi, vijidudu vya maradhi, dawa na vipimo vyake, lishe na maadili ya kazi. Baadaye mwanafunzi hupelekwa wodini, akafanya kazi chini ya usimamizi wa waliomtangulia: kuzalisha, kumhudumia mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kumpa mgonjwa dawa na kuandika alichokiona. Huko hufunzwa kuangalia kwa macho kabla ya kushika chombo. Mtoto anavuta pumzi vipi? Ngozi yake ina rangi gani? Ananyonya kwa nguvu au analegea?

Sehemu inayomtofautisha muuguzi wa jamii ni mafunzo ya nje ya hospitali. Mwanafunzi hupelekwa kijijini, akajitambulisha kwa sheha, akachora ramani ya eneo: nyumba, visima, njia, skuli, madrasa, na masafa ya kufika kituoni. Huandika idadi ya watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazazi waliojifungua karibuni. Kisha huifananisha orodha yake na daftari la kituo. Jina lililomo katika orodha lakini halimo katika daftari ndilo la mwanzo kufuatwa.

Aidha, hufunzwa namna ya kuzungumza na watu. Katika nyumba zetu mzazi kijana si mwamuzi peke yake. Yupo mama mkwe, yupo bibi, yupo mume, na mara nyingi yupo mkunga wa jadi anayeheshimiwa na mtaa mzima. Muuguzi anayewapita hao na kumwamrisha mzazi tu, hupoteza nasaha zake. Aliyefunzwa vizuri huanza kwa kuamkia wakubwa, huuliza wao wanafanyaje, husifu lililo jema, na kulisahihisha lenye madhara kwa lugha ya heshima. Mkunga wa jadi naye ana nafasi yake: kumhimiza mjamzito kujifungulia hospitali, kumsindikiza, na kutoa taarifa mapema anapoona hatari.

ZIARA ZA NYUMBANI

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mzazi na mtoto wake waangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha baina ya saa 48 na 72, kisha baina ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Aliyejifungulia hospitali ataangaliwa mara ya kwanza huko huko kabla ya kuruhusiwa. Zinazofuata mara nyingi huangukia siku ambazo mzazi yuko nyumbani.

Katika ziara hizo hakuna jambo la ajabu linalofanyika, lakini kila linalofanyika lina sababu. Muuguzi huangalia kama mtoto ananyonya, kwani mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri na ghafla akaacha ni mgonjwa mpaka ithibitike vyengine. Humhesabia pumzi kwa dakika nzima kwa saa, wala si kwa kukisia. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni dalili ya hatari. Huangalia kitovu, viganja na nyayo kama zina umanjano, na humpima joto, maana joto la kuzidi na baridi ya kuzidi vyote ni hatari kwa mtoto mchanga.

Kitovu kinataka kutajwa kwa namna ya pekee. Majivu, mafuta, mate na vitu vyengine vinavyopakwa na baadhi ya watu kwa nia njema huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda na maradhi mengine kwenye damu ya mtoto. Asipake mtu chochote ambacho hakikuelekezwa na mtaalamu. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Vilevile dang'a, yaani maziwa ya mwanzo yenye rangi ya manjano, yasimwagwe kwa kudhaniwa kuwa ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya mwanzo ya mtoto, na anatakiwa aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa.

Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hupoteza joto upesi. Kwa huyo mzazi hufunzwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kwa kanga au shali, na kunyonyeshwa mara kwa mara. Njia hii haina gharama, na baba au bibi anaweza kupokezana na mzazi katika kubeba.

Kazi ya nyumba kwa nyumba haifanywi na muuguzi peke yake. Wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, ambao ni wakaazi wa shehia zao, wamekuwa wakiwatembelea wajawazito na wazazi wenye watoto wadogo. Mpango wa Jamii ni Afya, uliopata sura ya mfumo mmoja kuanzia mwaka 2019 na baadaye kuenea katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, uliwapatia wahudumu hao simu za mkononi zenye programu inayowaongoza maswali ya kuuliza na kuwaonesha ni nani wa kupelekwa kituoni. Muhudumu si daktari, na hatakiwi kujaribu kuwa daktari. Yeye ni jicho. Mkono wa tiba ni wa kituo.

SIKU AMBAZO MUUGUZI HAKUTWI KITUONI

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara ni kwamba mwananchi alifika kituoni akaambiwa muuguzi ametoka. Inafaa ifahamike kwamba kutoka huko, kunapokuwa kwa ratiba, ni sehemu ya kazi. Huduma za mkoba ni zile ambazo muuguzi huchukua chanjo katika kibebeo chenye barafu, mizani na daftari, akaenda penye watu walio mbali na kituo. Visiwa kama Tumbatu, Kojani na Kisiwa Panza hufikiwa kwa chombo, na wasafiri wa Uzi kwa miaka mingi wamelazimika kungojea maji kupwa. Ratiba ya mkoba katika maeneo ya namna hiyo hufuata bamvua na upepo, haifuati kalenda ya ofisi.

Ili kuondoa usumbufu, kituo kinatakiwa kibandike ratiba yake mahali panapoonekana, na sheha apewe nakala ili aitangaze. Mwananchi naye ana haki ya kuiuliza. Kituo kilichofungwa bila ya ratiba wala maelezo ni kosa, na taarifa yake ipelekwe kwa uongozi wa afya wa wilaya.

CHANJO: MPANGILIO NA SABABU ZAKE

Mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya kinga ya kupooza. Anapofika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupewa chanjo inayokinga maradhi matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na vijidudu vinavyosababisha homa ya uti wa mgongo na kichomi. Katika kipindi hicho hicho hupewa chanjo nyengine ya kuzuia kichomi, na matone ya kuzuia kuharisha kukali. Mbili hizi ziliingizwa katika ratiba ya nchi mwaka 2013. Akitimiza miezi 9 hupewa chanjo ya surua na rubela, na hurudiwa akiwa na miezi 18.

Wazazi wengi huuliza kwa nini chanjo moja itolewe mara tatu. Jibu ni kwamba mwili wa mtoto hujifunza kumtambua adui kidogo kidogo. Mara ya kwanza humjuvya tu. Mara ya pili na ya tatu humpa nguvu ya kumshinda na kumkumbuka kwa muda mrefu. Mtoto aliyeanza na hakumaliza huonekana kuwa ana kadi yenye alama, kumbe kinga yake ni pungufu. Huyo ndiye anayewapa wauguzi wasiwasi zaidi, kwa sababu wazee wake wana imani kwamba tayari wamekwishamkinga.

Kwa ajili hiyo vituo hufanya hesabu. Chukulia mfano wa kituo ambacho watoto 50 walipata chanjo ya wiki ya 6, lakini 40 tu wakafika ile ya wiki ya 14. Watoto 10 wamepotea njiani, nao ni asilimia 20 ya walioanza. Kikipindukia asilimia 10, kiwango hicho huhesabiwa kuwa ni ishara ya kasoro katika huduma. Huenda mama alikemewa kwa kuchelewa akaona haya kurudi. Huenda mtoto alipata homa baada ya chanjo ya mwanzo na hakuna aliyemweleza kwamba homa ndogo ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Huenda familia imehama. Kila sababu ina dawa yake, na haijulikani mpaka muuguzi aende kuuliza.

Mzazi aliyechelewa asiogope kurudi. Ratiba huendelezwa pale ilipoachwa, haianzwi upya. Kikohozi kidogo au mafua si sababu ya kumzuia mtoto kuchanjwa.

Lipo pia suala la uhifadhi. Chanjo hutunzwa katika baridi baina ya nyuzi 2 na 8, kuanzia bohari kuu mpaka kwenye paja la mtoto. Umeme ukikatika, au mlango wa friji ukiachwa wazi, chanjo huharibika bila ya kubadilika rangi wala harufu. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga. Ikishachanganywa na maji yake inatakiwa itumike ndani ya saa 6, na inayobakia hutupwa. Hii ndiyo sababu vituo hupanga siku maalumu na kuomba wazazi wafike kwa pamoja asubuhi. Friji ya chanjo, kwa hivyo, si mahali pa kuwekea maji ya kunywa wala chakula cha mtumishi yeyote, awe na cheo gani.

UZITO, LISHE NA KADI YA MTOTO

Kupima uzito kila mwezi huonekana na baadhi ya watu kuwa ni jambo la kupoteza wakati, kwa kuwa mtoto hapewi kitu. Faida yake iko katika mstari unaochorwa kwenye kadi. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vitatu vinavyofuatana vinasema. Mtoto ambaye mstari wake umelala, au umeteremka, anaeleza kwamba kuna jambo: ana maradhi, hapati chakula cha kutosha, au mama yake ana ujauzito mwengine na ameacha kunyonyesha. Mstari hulieleza jambo hilo kabla macho ya wazee hayajaliona.

Maziwa ya mama peke yake, bila ya maji wala uji, yanamtosha mtoto kwa miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo huanza chakula cha kulikiza, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji mtupu wa unga na sukari hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Vyakula vya kuuzidishia nguvu vipo majumbani mwetu: samaki aliyechambuliwa miba, dagaa waliosagwa, choroko, kunde, tui la nazi, yai, mchicha, boga, papai na embe. Kuanzia miezi 6 mtoto hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 mpaka afikie miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1.

Utepe wa rangi unaozungushwa mkononi, sehemu ya juu ya kiwiko, hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto anahitaji matibabu ya utapiamlo mkali. Baina ya sentimita 11.5 na 12.5 ni manjano, na anahitaji uangalizi. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Wananchi wote, hata wasio na watoto, wanahimizwa kuzifahamu dalili hizi. Mtoto apelekwe kituoni au hospitali mara moja, usiku au mchana, anapokuwa:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa;
2. Anatapika kila anachopewa;
3. Ameshikwa na degedege, hata kama limeshaacha;
4. Amelegea mno, hazinduki, au ana usingizi usio wa kawaida;
5. Anapumua kwa kasi, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi. Kasi huhesabiwa kuwa ni pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka 1, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5;
6. Kwa mchanga: mwili wa moto au wa baridi, umanjano wa viganja na nyayo, au kitovu chekundu chenye usaha.

Degedege mara nyingi limehusishwa na mambo ya uganga, na mtoto akacheleweshwa kwa kufukizwa. Huenda likawa ni dalili ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo, ambazo hupoteza uhai kwa saa, si kwa siku.

Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS: pakiti moja katika lita 1 ya maji safi na salama. Kila anapoharisha, wa chini ya miaka 2 apewe baina ya robo na nusu kikombe, na wa umri mkubwa zaidi baina ya nusu na kikombe kizima, kidogo kidogo. Aendelee kunyonya na kula. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na avimalize hata akipata nafuu mapema.

FUNZO LILILOTOKA PEMBA

Yapo maswali ambayo muuguzi huuliza na wazee wa mtoto wakaona ni ya kuwasumbua. Kwa nini apime damu kwanza? Kwa nini asitoe tu dawa ya kuongeza damu, ilhali mtoto ni mweupe wa viganja? Jibu lake lina historia katika kisiwa cha Pemba chenyewe.

Katika utafiti mkubwa uliofanywa huko, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, zaidi ya watoto 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walihusishwa. Baadhi walipewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Ilitarajiwa kwamba madini ya chuma yangewaongezea watoto damu na afya. Badala yake, waliopewa madini hayo walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuugua sana hata kulazwa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa mwezi wa Agosti 2003. Hata hivyo, katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walifaidika.

Matokeo hayo yaliufanya ulimwengu kurejea ushauri wake. Chuma si adui wala si dawa ya kila mtoto. Hufaa kwa anayekihitaji, mahali ambapo malaria inazuiwa, inapimwa na kutibiwa. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwaka 2003, ikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani, na kiwango cha vimelea vya malaria kikateremka hadi chini ya asilimia 1. Malaria, pamoja na hayo, haijatoweka. Kipimo cha damu kinabakia kuwa ni wajibu kwa kila mwenye homa.

Kwa hivyo muuguzi anapouliza, anapopima na anapokataa kutoa dawa kwa kuombwa tu, haoneshi kiburi. Anatekeleza funzo ambalo watoto wa kisiwa hiki walilitolea gharama. Na mzazi anayenunua dawa dukani kwa kumfananisha mwanawe na mtoto wa jirani anajiingiza katika hatari ambayo sayansi imekwishaithibitisha.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Muuguzi mmoja hawezi kuibeba shehia peke yake. Mashirikiano yanahitajika kwa namna zifuatazo.

Masheha wanaombwa kuwa na orodha ya watoto wanaozaliwa na wanaohamia katika maeneo yao, na kuipeleka kituoni. Familia iliyohamia kutoka Pemba kuja Unguja, au kutoka Bara, ipokewe na ielekezwe kituo kilicho karibu, ikiwa na kadi au haina.

Walimu wa skuli na wa madrasa wanaombwa kuutangaza mapema ujio wa kampeni za chanjo, na kuwajibu wazee kwa maelezo sahihi wanapokuwa na shaka.

Wakuu wa taasisi na vitengo wanaombwa kutambua kwamba siku ya kliniki ya mtoto si siku ya utoro. Mtumishi anayeomba ruhusa ya saa chache kumpeleka mtoto chanjo, awe ni mama au baba, anaokoa siku nyingi ambazo angezipoteza hospitalini.

Akina baba wana nafasi ambayo bado haijajazwa. Nauli ya usiku, uamuzi wa kwenda hospitali bila ya kungojea asubuhi, na idhini ya mkubwa wa nyumba mara nyingi viko mikononi mwao. Baba anayezijua dalili za hatari hahitaji kutafutwa baharini au kazini ili atoe ruhusa. Huwa amekwishaitoa kabla.

Wazazi wote wanakumbushwa kuitunza kadi ya mtoto kama wanavyotunza hati ya nyumba, na kwenda nayo kila waendako. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha muuguzi wa kituo chochote kujua mtoto amepata nini na amebakisha nini.

Vifo vya watoto waliotimiza mwezi vimepungua kwa sababu kinga na tiba zilifika mahali walipo. Vya wachanga vitapungua kwa njia hiyo hiyo: muuguzi aliyefunzwa akafika mlangoni katika siku za mwanzo, na wenye nyumba wakamkaribisha ndani.